Mama amekataa insulini: tumwambie ni vitamini?

Shikamoo Mama Nesi,

Mimi ni kijana wa miaka 34, naishi Tanga na mama yangu mzazi, mjane wa miaka 61. Kisukari anacho huu mwaka wa 12. Alianza na metformini, baadaye wakamwongezea glibenklamidi. Mama ni mtu wa kujitahidi: chai hanywi na sukari, ugali ni wa dona, sokoni anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Lakini tangu mwaka jana hali imebadilika. Amekonda mpaka nguo zinampwaya, usiku anaamka kwenda chooni mara nne, mara tano, kiu haimwishi, na nyayo anasema zinawaka moto.

Mwezi uliopita tulimpeleka kliniki, wakampima kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kikatoka asilimia 11.2. Daktari akasema vidonge pekee havitoshi tena, aanze insulini ya mchanganyiko, 30/70, yuniti 14 asubuhi na yuniti 8 jioni. Tukanunua kichupa na mabomba yake. Hadi leo kichupa kimelala kwenye friji ya jirani, hakijafunguliwa.

Mama amegoma. Anasema insulini ni sindano ya mwisho, ukishaianza huachi tena na unahesabu siku. Mfano wake ni shoga yake wa mtaa wa pili: alianzishwa insulini hospitali, wiki mbili hazikupita akakatwa mguu. Mwingine alianza, macho yakaingia ukungu. Mama mdogo naye akaja na lake, kwamba insulini inatengenezwa kwa nguruwe. Baada ya hapo mama hataki hata kusikia. Na Ramadhani haiko mbali. Hajawahi kuacha kufunga, na anasema mchana wa Ramadhani hachomwi sindano na mtu.

Sasa dada yangu ametoa wazo. Mama amewahi kuchomwa sindano za vitamini B kwa ajili ya miguu na hazimtishi. Dada anasema tumwambie na hizi ni vitamini, za aina mpya, za kuchoma kila siku. Mimi ndiye nitakayekuwa namchoma. Akishapata nafuu tutamweleza ukweli. Kaka yetu aliyeko Maskati ameunga mkono, na anataka kututumia insulini ya kalamu, ile inayochomwa kwa kifaa kama kalamu, kutoka huko, anasema ni bora kuliko hii yetu. Nyumbani kwetu friji hatuna.

Sitaki kumzika mama kwa sababu ya ubishi. Tufanye hivyo? Na kama hapana, nimwambie nini?

Kitinda mimba, Tanga

* * *

Marahaba mwanangu.

Msimwambie ni vitamini. Nalitanguliza hili ili hata ukiitwa ukaacha kusoma hapa, uwe umelipata. Na sikatazi kwa ajili ya adabu peke yake, ingawa adabu nayo ipo: mama yako ana akili zake timamu na mwili ni wake. Nakataza kwa sababu insulini ni dawa ambayo mgonjwa asipojua kwamba anaitumia, inaweza kumwangusha ndani ya mchana mmoja.

Vitamini B ukichomwa halafu ukashinda na njaa, utashinda na njaa tu. Insulini inashusha sukari ya damu, uwe umekula au hujala. Na hiyo 30/70 aliyoandikiwa ni insulini mbili ndani ya kichupa kimoja. Sehemu 30 katika 100 ni ya haraka, inaanza kazi baada ya kama nusu saa, hiyo ni ya kukabili chai ya asubuhi. Sehemu 70 ni ya polepole, inapanda taratibu na kukaa mwilini kwa saa nyingi. Kwa hiyo sindano ya saa moja asubuhi bado iko kazini saa saba mchana, inasubiri chakula. Sasa mfikirie mama asiyejua hayo. Siku hiyo kuna shughuli kwa jirani, anamenya viazi na wenzake, anasema nitakula baadaye. Ikifika saa sita mikono inamtetemeka, jasho linamtoka bila joto, moyo unamwenda mbio, anawafokea watu bila sababu. Atadhani ni presha, au uchovu, au kuna aliyemtazama kwa jicho baya. Atasema ngoja nijinyooshe kidogo chumbani, na usingizi huo ndio ninaouogopa mimi. Mwenzake anayejua kwamba asubuhi alichoma insulini angeomba soda palepale, akanywa, akakaa, akaendelea na viazi vyake.

Lipo na la pili. Siku mama akipelekwa zahanati kwa homa au kwa kuanguka, na wewe hupo, ataulizwa anatumia dawa gani. Atajibu: vidonge vya sukari na vitamini. Mganga atafanya kazi gizani kwa sababu yenu. Na huo ukweli mnaopanga kumweleza "akishapata nafuu", mtamwelezaje? Siku hiyo atakuwa na haki ya kutoamini dawa yoyote itakayotoka mkononi mwako, hata panadoli.

Kwa hiyo kazi yako ni ngumu kuliko aliyoipanga dada. Ni kukaa na mama na kujibu hofu zake. Nakushauri usizicheke, maana karibu zote zina chanzo.

Tuanze na mguu wa shoga yake, kwa sababu huo ameuona kwa macho na maneno ya daktari hayawezi kushindana nao. Sukari ikikaa juu miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni na kuzibanisha njia za damu. Mtu anakanyaga msumari au anababuka na kandambili, hasikii. Kidonda kinachimba, kinaingia uchafu, damu ya kukiponya haifiki ya kutosha. Anapofikishwa hospitali mguu unanuka na sukari iko juu mno. Hapo madaktari humuanzishia insulini siku ileile, kwa sababu kidonda hakiponi kwenye sukari ya namna hiyo na vidonge haviwezi kuishusha kwa kasi inayotakiwa. Wakati mwingine mguu unaokolewa. Wakati mwingine muda umeshapita, unakatwa. Watu wa mtaani wanaona mambo mawili tu: kaanza insulini, kakatwa mguu. Ni sawa na kuwalaumu majirani waliokuja na ndoo za maji kwamba ndio waliounguza nyumba. Mwulize mama, kwa upole, shoga yake alikuwa na kidonda kwa muda gani kabla hajalazwa. Sidhani kama atashindwa kukumbuka. Na yeye nyayo zake ndizo hizo zinawaka. Ni mishipa hiyohiyo ya fahamu inalalamika. Kila jioni azitazame, au umtazamie wewe, na asitembee peku hata uani.

La macho nalo si uzushi. Sukari iliyokaa juu muda mrefu huibadilisha lenzi ya jicho, na jicho likazoea. Insulini ikiishusha, lenzi hubadilika tena, na mtu huona ukungu kwa wiki kadhaa kabla halijatulia. Msikimbilie kununua miwani katika kipindi hicho. Ila kuna jambo zito zaidi: kama ndani ya jicho tayari kuna mishipa iliyoharibika, kushusha sukari kwa kasi kunaweza kuifanya isumbue zaidi kwa muda. Ndiyo maana mama apimwe macho kwa kutiwa dawa ya kufungua mboni mapema, pale anapoanza. Kama hajapimwa mwaka huu, dai hicho kipimo.

Sasa mama mdogo na nguruwe wake. Hakuzua. Tangu insulini ianze kutumiwa kwa binadamu mwaka 1922, kwa karibu miaka 60 ilikuwa ikitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Kama bibi yako mmoja aliambiwa hivyo zamani, aliambiwa kweli. Lakini mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani walifanikiwa kuchukua maelekezo ya insulini ya binadamu na kuyatia ndani ya bakteria, bakteria wakaitengeneza, na kufikia mwaka 1982 ikaanza kuuzwa. Insulini za kawaida za leo, pamoja na hizi za 30/70 zilizoandikwa "ya binadamu", zinatengenezwa na bakteria au na hamira. Ndiyo, hamira, jamii ileile ya inayoumua maandazi. Mtoe mama mdogo wasiwasi kwa kumpelekea boksi kwa mfamasia amsomee. Akitaka kauli ya dini, muulizeni sheikh mnayemwamini, lakini mwende na habari za leo.

Nimeacha kwa makusudi hili la "sindano ya mwisho", kwa sababu ndilo mzizi. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini na kunusurika nayo alikuwa mvulana wa miaka 14 mjini Toronto, Kanada, Januari 1922, akiitwa Leonard Thompson. Kabla ya hapo mtoto wa namna yake alinyimwa chakula ili sukari isipande, akabaki mifupa, akafa. Yule kijana akaishi miaka 13 zaidi. Dawa hii ilianza kwa kumrudisha mtu aliyekuwa anaondoka. Sisi huku tumeipa jina la mwisho kwa sababu tunaipeleka mwisho: tunabishana nayo miaka mitatu, minne, figo zinaharibika, ndipo tunakubali.

Na mama asijione ameshindwa. Insulini si kitu kigeni mwilini mwake. Kongosho lake limekuwa likiitengeneza tangu yuko tumboni. Kwenye kisukari cha aina ya pili mwili kwanza unakuwa sugu kwa insulini hiyo, halafu miaka inavyokwenda kongosho linachoka na kutoa kidogo na kidogo zaidi. Glibenklamidi kazi yake ni kulikamua kongosho litoe lilichonacho. Likiwa limebakiwa na kidogo, utakamua nini? Hata angekula dona kila siku ya maisha yake, baada ya miaka 12 wengi hufika hapo alipofika. Usimdanganye kwamba atachoma mwezi mmoja aache. Wapo wanaotumia kwa muda tu, wakati wa ujauzito, upasuaji au maambukizi makali. Kwa mama, kwa namba hizo, huenda ikawa ya kudumu. Lakini ni ya kudumu kwa sababu mwili unaihitaji. Haimfanyi mtu mteja wake kama mihadarati.

Namba yenyewe, asilimia 11.2, ina maana sukari yake kwa wastani imekuwa kama 15 (milimoli kwa lita) kwenye mashine ya nyumbani. Figo huanza kuimwaga sukari kwenye mkojo ikizidi kama 10, nayo haitoki peke yake, inatoka na maji. Hizo safari za chooni na hicho kiu ndiko vinakotoka. Sukari inapita damuni bila kuingia kwenye misuli, mwili unajila nyama na mafuta yake, nguo zinapwaya. Haya nakueleza kwa sababu ndiyo yatakayokusaidia kuzungumza naye. Mtu wa miaka 61 ni shida kumshawishi kwa habari za figo za miaka kumi ijayo. Mwambie atalala usiku. Hilo hutokea mapema, sukari ikianza tu kushuka chini ya ile 10. Nguvu zinarudi, na mwili nao unarudi. Wengine hunenepa kidogo kuliko walivyotaka, hiyo nayo mwambie. Kuwaka kwa nyayo usimwahidi, mishipa ya fahamu huchukua muda wake na wakati mwingine haitii.

Namna ya kuanza mazungumzo: usimweke kitako na ndugu watano wakimkodolea macho kama kesi. Nenda naye kliniki siku ya kisukari, wewe na yeye. Mwombe nesi amkutanishe na mama wa rika lake anayechoma insulini na bado anapika, anakwenda msibani, anacheka. Kwa uzoefu wangu huyo mama mmoja ana nguvu kuliko mimi na daktari tukijumlishwa. Amwonyeshe sindano yenyewe, maana wengi wanawaza ile ya matakoni ya malaria, wakiona kijisindano hiki chembamba wanashangaa. Halafu mwekeane miadi: miezi mitatu, kisha kipimo kilekile kirudiwe, na yeye mwenyewe asome majibu. Mtu aliyepewa mlango wa kutokea huingia kwa urahisi zaidi. Akikataa bado, rudi tena wiki nyingine. Vidonge aendelee navyo, na mwelezeni daktari kwamba hajaanza. Asije akadhani anaichoma halafu akaongeza kipimo cha dawa asiyoitumia.

Akikubali, yapo mambo ambayo hamtakiwi kuyakosea.

Kabla ya sindano ya kwanza, muulizeni daktari kuhusu glibenklamidi. Barua yako haisemi kama aliisimamisha. Mara nyingi mtu akianza insulini ya mchanganyiko dawa hiyo huondolewa, kwa kuwa zote mbili zinashusha na zikikutana sukari inaweza kuporomoka. Metformini kwa kawaida huendelea kama figo ziko sawa. Lakini jibu litoke kwake, msikisie.

Bomba. Insulini ya kichupa chenu bila shaka ni ya yuniti 100 kwa kila mililita, na bomba lake lazima liwe limeandikwa yuniti 100, mara nyingi lina kifuniko cha rangi ya chungwa. Kuna nchi bado zina insulini na mabomba ya yuniti 40, mkichanganya mtampa dozi isiyo yake. Na siku mabomba yakiisha, msitumie bomba la kawaida la mililita 2 au 5 hata kama muuza duka la dawa anasema "ni ileile". Yuniti 14 ni sehemu ndogo mno ya mililita. Kwenye bomba kubwa hata mstari wake hamtauona.

Insulini hii ni nyeupe kama maziwa, na ikisimama inajitenga. Kabla ya kuvuta, kiviringisheni kichupa kati ya viganja mara kumi hivi mpaka iwe sawasawa. Msikitikise kwa nguvu. Ikiwa na mabonge au imeganda ukutani mwa kichupa, irudisheni. Mchome tumboni, vidole viwili mbali na kitovu, au pajani, na kila mara uhame kidogo. Wanaochoma palepale kila siku hupata uvimbe laini chini ya ngozi. Hapaumi, ndiyo maana wanapapenda, lakini dawa ikiingia hapo hainyonywi vizuri na sukari inapanda bila sababu inayoonekana. Sindano zilizotumika zitieni kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa ipelekeni kliniki.

Muda ni nusu saa kabla ya kula. Mimi nina sheria yangu kwa wagonjwa wangu: kwanza uione sufuria jikoni, ndipo ushike sindano. Chakula hakipo, sindano isubiri. Na chakula cha mchana kisirukwe, kwa sababu niliyokueleza kule juu. Akitapika au akiugua hadi hali kitu, pigeni simu kliniki siku hiyohiyo. Asichome dozi ile ile kama kawaida, wala asiiache yote kimyakimya.

Dalili za sukari kushuka azijue yeye, uzijue wewe, na wajue majirani anaoshinda nao. Mashine ikisoma chini ya 4, au akiwa na dalili na mashine haipo karibu, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haisaidii kitu, na biskuti inachelewa. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Kama bado iko chini, arudie. Ikipanda, ale mlo. Akiwa amepoteza fahamu msimtie chochote mdomoni, mlazeni ubavu na mkimbilie hospitali. Nimeona watu wakimnywesha maji ya sukari mtu asiyejitambua, yanaishia mapafuni.

Halafu dozi. Yuniti 14 na 8 ni pa kuanzia. Daktari akiipandisha hadi 20, hadi 30, majirani watasema hali imekuwa mbaya. Si hivyo. Anatafuta kipimo cha mwili wake, na hawezi kukipata bila namba za asubuhi na za kabla ya chakula cha jioni zilizoandikwa kwenye daftari.

Friji isikuumize kichwa. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinakaa kwa jirani, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Kilichofunguliwa kinaweza kukaa nje ya friji mahali pa baridi, na kwa joto la Tanga mahali hapo ni chungu. Kifungeni kwenye mfuko au kopo lisiloingiza maji, mkiweke ndani ya chungu chenye mchanga uliolowanishwa, kivulini, penye upepo. Kambi za wakimbizi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, zina joto kuliko kwenu, na mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya kupima insulini iliyokaa kwenye joto la huko, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kwa wiki nne: nguvu yake ilibaki sawa na ya iliyowekwa kwenye friji. Kinachoiua ni jua la moja kwa moja, dirisha la basi, juu ya jiko. Andikeni tarehe ya kufungua kwenye kichupa. Kwa yuniti 22 kwa siku, baada ya wiki nne mtakuwa mmetumia yuniti 616 kati ya 1,000, na najua itawauma kumwaga zilizobaki. Someni karatasi iliyomo kwenye boksi. Baadhi ya aina zinaruhusu hadi wiki sita kama hazipati joto kali. Zaidi ya hapo msibane.

Ramadhani. Kwa asilimia 11.2 na insulini anayoianza sasa, mama yuko kwenye kundi ambalo madaktari hushauri lisifunge, walau mwaka huu. Aya ya 184 ya Surat al-Baqara imemwekea mgonjwa nafasi yake, na sheikh atawaeleza kuhusu kulipa au kutoa fidia. Akisisitiza kufunga, basi mumwone daktari wiki sita au nane kabla, dozi zipangwe upya. Na hofu yake ya kuchomwa mchana haina mahali hapo: anayechoma mara mbili huchoma wakati wa futari na wakati wa daku, na ya daku kwa kawaida hupunguzwa. Kupunguza kwa kiasi gani, daktari aseme. Apime mchana, kujichoma kidole hakufunguzi. Hilo nalo sheikh atamthibitishia. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, afungue saa hiyohiyo, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika kumi.

Mwisho kaka wa Maskati. Mshukuru, lakini kalamu asitume. Insulini zina aina nyingi na hazibadilishwi kama sabuni. Nyingine za kalamu zina yuniti 300 kwa mililita, mara tatu ya hii yenu, na kuna watu huivuta kwa bomba wakidhani ni ileile. Aliyemwandikia mama 30/70 amepanga dozi ya 30/70. Tena ikiisha huko kwa kaka, au mizigo ikikwama njiani, mtafanyaje? Kama anataka kusaidia, mwambie kinachofilisi familia nyingi huku ni stripu za kupimia. Anunue mashine mbili za aina ambayo stripu zake zinapatikana Tanga, na kila mwezi atume pesa ya stripu. Aulize jina la mashine kwenye duka la dawa la huko kwenu kwanza, kabla hajalipa.

Mama Nesi